Kamera Isiyoona Watu

Meli ya Faraja ilikuwa imeegemea ubavu wa kushoto juu ya udongo uliopasuka, kama ng'ombe aliyeishiwa nguvu kabla ya kufika mnadani. Maji ya karibu yalikuwa mwendo wa nusu siku kuelekea magharibi. Visiwa ambavyo meli hii ilivihudumia enzi za uhai wake, ikipeleka waganga, chanjo na wakunga, sasa vilikuwa vilima vitupu, na mbuzi walivipanda na kuvishuka bila kulowesha kwato.

Masatu aliteremka kwenye lori akiwa ameikumbatia kamera kifuani. Alikuwa mpiga picha wa mahali palipokufa. Alikwisha kupiga hospitali, magereji ya reli, viwanda vya pamba, na mabweni ya shule ambamo popo ndio waliobaki wanafunzi. Aliipenda kazi yake kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Kutu inapolamba ukuta huchora mambo ambayo mkono wa binadamu hauwezi, naye alijua kuyangojea mpaka mwanga uyafikie.

"Mjita, kawasalimie samaki wa babu zako," alisema Rweyongeza, dereva wake, akiegemea usukani. "Huenda wamesalia mmoja wawili kwenye tope."

"Tope limekauka. Hata wale senene mnaowakaanga kwenu hawangetua hapa."

"Senene ana akili. Hutua penye majani na watu waliosoma." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Ila leo ukishuka usinifanyie kama kule gereji ya reli. Nilikuuliza kuna mtu, ukatazama vidole vyako mpaka chai ikapoa. Halafu hukula siku mbili. Mke wako akaniuliza mimi nimekufanya nini."

"Nenda ukapange mapipa yako."

Mapipa yalikuwa ya plastiki, kwa sababu ya chuma yangeliwa. Ndani yake walilala mchwa. Hawakuwa wadudu, ingawa hilo ndilo jina watu walilowapa. Walikuwa unga mweusi uliokuzwa maabara, laini kuliko chavua, uliolala usingizi hadi umwagiwe maji ya chumvi. Wakiamka hula chuma na shaba, wala hawagusi mti, nguo wala nyama. Chuma kikiisha hufa kwa njaa, wakiacha uji mzito ambao pampu huuvuta na tanuru huugeuza kuwa bomba.

Na bomba ndilo lililotakiwa. Lilikuwa limetoka ziwani, likapita tambarare, likakwama kilima kimoja kabla ya mji wa Kigongoma kwa kukosa chuma. Kigongoma walikuwa wakinywa maji ya visima virefu, maji yenye madini yanayopinda miguu ya watoto. Nyachiro, binti pekee wa Masatu, aliolewa huko. Mjukuu wake alikuwa ameanza kutembea kwa magoti yanayoachana kama upinde. Chuma cha Faraja kingetosha kukivuka kile kilima. Masatu alilijua hilo tangu siku alipopewa kazi hii, na hakuwa amemwambia mtu.

Kamera ilikuwa ndiyo kufuli la mambo yote. Hakuna kilichoruhusiwa kuliwa kabla ya kupigwa picha, kila chumba na kila bawaba, ili watoto wa kesho wasije wakadhani wazee wao hawakujenga kitu. Lakini kamera haikuona watu. Hiyo ilikuwa Sheria ya Nyuso. Iliandikwa baada ya miaka mibaya, wakati picha ya mtu akinunua vitunguu sokoni ilitosha kumfanya afuatwe hadi chumbani kwake. Sheria ikaamuru kila jicho la mashine lifute umbo la binadamu kabla halijaliweka, na lijaze pengo kwa kukisia kilichokuwa nyuma yake. Siku ilipopitishwa watu walicheza ngoma barabarani. Masatu naye alicheza.

Kwa kuwa picha haikuweza tena kusema kama mahali pana watu, sheria ikaongeza hodi. Mpiga picha hubisha hodi mara tatu kila mlangoni, na sikio la kamera hufunguka kwa sauti yake. Sikio hilo limefundishwa kutojali upepo, pampu na injini. Hata kikohozi halikihesabu, maana mbuzi naye hukohoa. Linangoja neno. Mtu akiitika, mahali huhesabiwa kuwa na wakazi, na mchwa hawafunguliwi. Pasipo jibu, taa ya kijani huwaka.

Juu ya sheria hiyo wafanyakazi wenyewe walikuwa wameongeza desturi yao, isiyoandikwa popote. Kabla ya kufungua pipa, mlishaji wa mchwa, na kwa Masatu huyo alikuwa Rweyongeza, humtazama mpiga picha usoni na kumuuliza, "Kuna mtu?" Hujibiwa kwa mdomo. Ilikuwa namna ya watu wawili kugawana jambo lisilobebeka na mmoja.

*

Alianzia juu. Chumba cha nahodha kilikuwa kimefunikwa na mavi ya ndege, usukani umebaki mifupa. Chumba cha upasuaji kilikuwa na taa kubwa ya duara iliyoning'inia kwa waya mmoja, na chini yake meza ambayo rangi yake ilikuwa imebabuka ikajikunja kama maganda ya kitunguu. Masatu aliingoja nuru ya dirishani ifike kwenye makali ya meza. Ilipofika akapiga, akaridhika. Kila mlango alibisha. Hodi. Hodi. Hodi. Akaacha pumzi tatu zipite, taa ikawaka, akaenda mlango unaofuata.

Kwenye sitaha ndipo aliposimama. Karatasi za jua, zile za kuvuna umeme, zilizotandazwa pale zilipaswa kuwa zimezikwa na vumbi la ziwa, kama kila kitu kingine. Zilikuwa zinang'aa. Mtu alizifuta, na hakuzifuta mwaka jana.

Alishuka ngazi polepole. Ukumbi wa chini ulinuka dawa ya kusafishia sakafu. Mwishoni palikuwa na mlango wa mbao uliopachikwa mahali pa mlango wa chuma, na nyuma yake sauti kama ya watu wengi wanaovuta pumzi pamoja na kuzitoa pamoja.

Hakubisha. Alisukuma.

Vitanda vilikuwa sita, na juu ya kila kimoja alilala mtu mwenye mrija kooni. Mashine za kupumulia zilipanda na kushuka kandokando yao, zimeunganishwa na nyaya zilizofungwa kwa vitambaa vya rangi. Mwanamke mwenye mvi, aliyevaa gauni la unesi lililofifia hadi kukosa rangi, alikuwa akimimina uji mwepesi kwenye mpira wa kulishia. Hakuinua macho.

"Funga mlango," alisema. "Vumbi."

Masatu akafunga.

"Sista," alisema, "mko wangapi?"

"Unaona mwenyewe. Sita, na mimi Nyangeta. Walikuwa wengi zaidi." Akafuta mdomo wa mzee aliyekuwa akimlisha. "Hawa ni wa vumbi. Ziwa liliporudi nyuma, upepo ulianza kupeleka vumbi la sakafu yake mapafuni mwao. Mashine hizi zilikuwa za meli. Waliokuja kuifunga meli walisema watarudi kuwachukua wagonjwa. Ndugu zao huleta unga na maji gizani, huacha chini ya nanga. Hawapandi. Wanaogopa kuonekana."

"Mnaishi hivi, na mimi nimebisha juu huko milango yote."

"Tumekusikia. Una sauti nzuri. Wengine wakibisha hubweka."

"Mbona hukuitika?"

Nesi aliweka chini kikombe cha uji. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kujibu swali hilo peke yake mara nyingi.

"Kaka, unajua aitikaye hufanywa nini?"

"Huhamishwa. Hupelekwa Makazi Mapya, mlimani."

"Hupelekwa na nini?"

Masatu alizitazama zile mashine.

"Nilikuwa wodi nyingine kabla ya hii, bara," alisema Nyangeta. "Alikuja mpiga picha, akabisha, nikaitika. Nilikimbia kumfungulia. Baada ya wiki wakaja na lori la mchanga. Nilisukuma pumzi za mgonjwa mmoja kwa mfuko, kwa mkono huu, tangu asubuhi. Wengine sikuwa na mikono ya kuwasukumia. Tulipofika mlimani karani akaniuliza wagonjwa wako wapi, nami nikamwonyesha nyuma ya lori."

Mashine zilipanda, zikashuka.

"Humu mwenye sauti ni mimi tu," akaendelea. "Mrija ukiwa kooni mtu hasemi. Kwa hiyo nikinyamaza, tumenyamaza wote."

"Ukinyamaza mchwa watafunguliwa."

"Ndiyo. Na nikiitika lori litakuja. Nimelifikiria kama mnavyofikiria nyie mlio na kalamu. Hapa watakufa kitandani pao, na mtu anayejua majina yao. Na chuma kitakwenda wapi?"

Hakutaka kulijibu hilo, akalijibu. "Kigongoma. Bomba la maji."

"Una mtu huko?"

"Binti yangu. Na mjukuu."

Nyangeta alitikisa kichwa taratibu, bila hasira, kana kwamba ameambiwa bei ya kitu ambacho hakuwa na nia ya kukinunua. "Basi angalau kuna atakayekunywa."

Masatu alikwenda kwenye kitanda cha mzee aliyelishwa uji. Juu ya kichwa chake kulikuwa na ubao wenye jina: Mkama. Macho yake yalikuwa wazi na yalimfuata.

"Mzee Mkama," alisema Masatu. "Shikamoo. Wewe ungependa sista aitike?"

Mzee alimtazama kitambo. Kisha akafumba macho, na hakuyafumbua.

"Usimuulize," alisema Nyangeta. "Amechoka kuulizwa."

Masatu, bila kujua kwa nini, akainua kamera akapiga. Pengine mkono wa fundi hukimbilia chombo chake moyo unapokosa pa kushika. Picha ilipotokea kwenye kioo, alijuta. Wodi ilikuwa nzuri. Nuru ya dirisha la duara iliangukia vitanda sita vilivyotandikwa. Kamera ilikuwa imewafuta watu, na kwa kuwa mablanketi yaliyoinuka bila mtu ndani yalikosa maana, ikayalaza. Ikayanyoosha mashuka. Ikachomeka pembe zake chini ya magodoro.

Nyangeta alikuja akatazama juu ya bega lake.

"Imetandika vizuri kuliko mimi," alisema.

"Sista, nisikilize. Nitabisha sasa, sheria inataka. Neno moja tu. Nitakwenda mwenyewe wilayani kudai gari la wagonjwa. Nitalala mlangoni mwao."

"Umewahi kuliona hilo gari?"

"La."

"Nami pia. Bisha, kaka. Fanya kazi yako. Sikukasirikii."

Alitoka nje ya mlango wa mbao na kuufunga. Alibisha ya kwanza, na sikio la kamera likafunguka kwa mlio mdogo. Ndani hakukusikika ila mashine. Alibisha ya pili. Akasikia hatua zikija mlangoni, kandambili juu ya bati, zikasimama upande wa pili, karibu kiasi kwamba kama wangekuwa jamaa wangepeana mikono kupitia ufa. Akabisha ya tatu, akangoja.

Alisikia pumzi ikivutwa kama ya mtu anayetaka kusema. Pumzi ile ilikaa. Kisha ikatolewa taratibu, bila neno, na kandambili zikarudi zilikotoka.

Taa ya kijani ikawaka.

*

Kulikuwa na njia moja iliyobaki, na Masatu aliijua. Akishuka, akaulizwa kuna mtu, akajibu wapo, neno lake lingegongana na la kamera. Mgongano wa namna hiyo hupelekwa barazani, na baraza huketi, huahirisha na kuketi tena, mpaka mvua mbili zipite. Wakati wote huo mahali hapaguswi. Hakuna mchwa, na hakuna lori. Mpiga picha hunyang'anywa leseni siku hiyo hiyo, na hilo alikuwa tayari kulibeba. Lakini kwa mvua mbili bomba nalo lingekaa pale pale chini ya kilima, na mifupa ya mtoto haiahirishwi barazani. Miguu ya mjukuu wake ingekomaa ilivyopinda.

Akaketi sitahani, kando ya zile karatasi za jua, akatazama upande wa Kigongoma. Huwezi kuiona kutoka pale. Unaona vumbi tu, na mstari wa bomba ukimeta mahali fulani halafu ukikoma.

Alijaribu kupima. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba jambo lolote likipimwa kwa utulivu hujieleza lenyewe. Aliweka watu sita na nesi upande mmoja, akaweka mji upande wa pili, na mji ukashuka mara moja kama jiwe. Halafu akalikumbuka jicho la mzee Mkama, na mizani ikakataa kutulia. Akampa kila mgonjwa sura ya mtu wa Kigongoma, akawapa watoto wa Kigongoma mirija. Haikusaidia. Jua lilihama kutoka goti lake moja hadi la pili. Akawaza kwamba hata akidanganya hapa, mahali pengine kesho kutwa patakuwa na mlango na pumzi nyuma yake, na kwamba labda siku zote palikuwapo, katika magereji na viwanda vyote vile alivyovipiga vikapendeza.

Wazo hilo ndilo lililomwinua. Sijui kama lilikuwa wazo la haki au la uchovu tu. Alisimama akaapa kwamba atasema wapo, na binti yake akimlaani, atakuwa amelaaniwa na mtu anayempenda.

Alishuka ngazi ya kamba haraka kuliko umri wake ulivyoruhusu.

Rweyongeza alikuwa ameketi kwenye kivuli cha lori na birika, amemimina vikombe viwili. Pipa moja lilikuwa limelala ubavu chini ya mkuku, uti wa chini wa meli. Lilikuwa tupu.

"Njoo unywe," alisema. "Leo haijapoa."

"Umefanya nini?"

"Nimefungua."

"Hukuniuliza."

"Taa ya mlango wa mwisho iliwaka kijani, nikaiona kwenye kioo kinachopokea kamera yako. Nikakusubiri. Hushuki. Nikatazama juu, nikakuona umekaa umeshika kichwa." Rweyongeza alizungumza kwa upole, kama anavyozungumza mtu aliyemletea mwenzake zawadi. "Nikasema, mzee mwenzangu amelibeba tena. Mwache leo apumzike. Kwa nini nimwulize swali linalomla, na jibu lake ni lile lile kila siku? Nikafungua bila kukuuliza. Hii ni yangu. Wewe huna kitu ndani yake."

"Wapo," alisema Masatu.

Mkono wa Rweyongeza ulibaki hewani na kikombe.

"Wako sita na nesi. Nilikuwa nashuka kukwambia."

"Kamera imesema..."

"Najua kamera imesema nini."

Rweyongeza aliweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba ardhi ni kioo. Kisha akanyanyuka, akakimbia hadi kwenye mkuku, akapiga magoti na kuanza kukwangua chuma kwa koleo la plastiki. Masatu alimtazama. Wote wawili walijua. Tangu mchwa watengenezwe hakuna aliyepata dawa ya kuwalaza wakishaonja. Waliowabuni walisema wataishughulikia baadaye, wakapongezwa, wakastaafu. Pale Rweyongeza alipokwangua, chuma kilikuwa kimeshageuka kuwa kama tope la kahawa, na kilikuwa kinapanda.

"Wangeitika," alisema Rweyongeza, mgongo wake umemgeukia. "Mungu wangu, Masatu, kwa nini watu hawaitiki?"

Masatu alikuwa ameshaishika ngazi.

*

Ndani ya meli kulikuwa na sauti mpya, kama mchele unaomwagwa mbali. Harufu ya chuma kibichi ilikuwa imefika ukumbini kabla yake. Alipousukuma mlango wa mbao, Nyangeta alikuwa amesimama katikati ya wodi, ameinua kichwa, akisikiliza.

"Ni wao?"

"Ni wao. Nilikuja kusema mpo. Nilikaa mno kabla ya kushuka."

Alingoja apigwe, au alaaniwe. Nesi alimtazama kama anavyomtazama mgonjwa, akitafuta mahali panapouma, na alipopaona hakupagusa.

"Mashine zitaendelea mpaka lini?"

"Wakizifikia nyaya. Jioni, labda kabla."

"Na meli?"

"Itasimama mpaka asubuhi. Sista, wewe unaweza kutembea. Lori lina nafasi mbele."

"Nafasi ngapi?"

"Moja."

"Na nyuma?"

Alivitazama vile vitanda sita.

"Nyuma nimeshawahi kupanda," alisema Nyangeta.

Aliikunja mikono ya gauni hadi juu ya viwiko. Akaenda kitanda cha mzee Mkama, akafunua blanketi, akainama kutazama chini yake, kisha akamwita Masatu kwa kidole bila kugeuka.

"Huyu amelalia upande mmoja tangu asubuhi. Ngozi ya kiuno imeanza kuwa nyekundu. Shika bega, mimi nashika nyonga."

"Sista..."

"Si hivyo, utavuta mrija. Mkono wako upite chini ya shuka. Chini zaidi. Tukimaliza huyu kuna yule wa dirishani, yeye ni mzito."

Masatu aliivua kamera shingoni akaiweka sakafuni, akapitisha mkono chini ya shuka. Mzee Mkama alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, na mgongo wake ulikuwa na joto.

"Sasa," alisema Nyangeta, "pamoja."